Utamaduni wa Kumiliki Kazi: Mafunzo ya Njombe na Makambako

Watu wengi wanapolisikia neno utamaduni huwaza mara moja ngoma, mavazi, mapishi, jando na methali. Hayo yote ni utamaduni, nasi hatuyadharau. Lakini mtu mzima hutumia sehemu kubwa ya siku zake akiwa kazini, na namna anavyoitazama kazi yake, anavyokitunza chombo alichokabidhiwa, anavyosema na mkubwa wake na anavyogawana na wenzake kilichopatikana, ni sehemu ya utamaduni wa taifa sawasawa na ngoma inayochezwa jioni. Tena yawezekana kwamba sehemu hiyo ndiyo inayoamua kama taifa litakula au litalala na njaa.

Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali moja tu. Kwa nini mtu yule yule, mwenye mikono ile ile, hulinda chombo cha kazi kama mboni ya jicho lake mahali pamoja, na mahali pengine hukiacha kiote kutu huku akikitazama? Wako wanaojibu kwamba tofauti ni mshahara. Wengine husema ni hati ya umiliki: mpe mtu hisa, naye atakuwa mlinzi wa mali. Wengine tena husema ni kiongozi: akipatikana mtu mwema, yote yatanyooka. Majibu haya yote yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalojitosheleza. Ili tulione jambo hili vizuri, tumechagua nchi ya Njombe na Makambako, katika nyanda za juu kusini, kwa sababu katika muda wa miaka mia moja hivi watu wa huko wamepita karibu katika kila namna ya kazi ambayo Tanzania imeijua.

Kwanza yafaa tueleze tunachokusudia tusemapo kumiliki. Kumiliki kazi kuna mambo matatu: kupata fungu la haki katika matunda yake, kuwa na sauti katika maamuzi yake, na kuzijua hesabu zake. Mtu aliyepewa fungu bila sauti ni mpokea bahashishi. Aliyepewa sauti bila kuonyeshwa hesabu huzungumza gizani. Na aliyeonyeshwa hesabu bila kupewa fungu hujua tu kiasi anachonyimwa.

Jembe la ujima

Njombe ni nchi ya baridi na ukungu, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wabena na jirani zao, Wahehe, Wakinga, Wapangwa na wengineo, tangu zamani wamelima mahindi na ulezi vilimani, na kiangazi wakashuka mabondeni kulima vinyungu, yaani bustani za kwenye unyevu ambazo huwapa watu mboga na mahindi mabichi wakati ambapo vilima vimekauka. Kazi kubwa kama kufyeka, kulima shamba jipya au kujenga nyumba haikufanywa na kaya moja. Mwenye kazi aliwaita jirani, akaandaa chakula na pombe, au ulanzi pale mianzi ilipokuwa ikitoa, na watu wakaja na majembe yao.

Katika ujima huo mwenye shamba hakukaa kivulini. Alishika jembe pamoja na wageni wake, kwa kuwa mwito wa mtu mvivu haukuitikiwa mara ya pili. Deni la kazi lilikuwa wazi, maana kila mtu alijua nani alikuja kwa nani, na nani bado hajalipa. Kwa hiyo yale mambo matatu tuliyoyataja yalikuwapo kwa kipimo chake: fungu, kwa sababu zamu ya kila mmoja ingefika, sauti, kwa sababu kwenda au kutokwenda kulikuwa hiari ya mtu, na hesabu, ingawa hazikuandikwa.

Lakini tusipambe mambo. Mtu aliyekuwa na akiba kubwa ya nafaka aliweza kupika pombe nyingi na kuita watu wengi, basi shamba lake likazidi kupanuka. Kazi iliyoitishwa na watawala haikuwa ya hiari sana. Na wanawake, ambao mikono yao ilifanya sehemu kubwa ya kilimo, si wao waliokaa barazani kuamua. Ujima ulikuwa mbegu njema, wala haukuwa pepo. Tunaukumbuka ili tujue kwamba fikra ya kumiliki kazi kwa pamoja haikuletwa kwetu na meli.

Kipande na manamba

Ukoloni wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, ulileta kodi ya fedha, na fedha haikupatikana Njombe. Reli na mashamba makubwa yalikuwa mbali, huko Tanga na Morogoro. Hivyo ikawa nchi hii isiyo na reli wala zao kubwa la biashara ikageuzwa kuwa ghala ya watu. Vijana wa Kibena walitoka kwa maelfu kwenda kukata mkonge. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa watu wengi. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba.

Kazi ya manamba ilipimwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambazo kibarua alitakiwa azitimize katika muda wa siku 42. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikutiwa alama. Tuutazame mpango huu kwa makini, maana ulifundisha tabia. Ulimfundisha mfanyakazi kwamba kazi ni kipimo kilichowekwa na mwingine, kwamba busara ni kukimaliza upesi na kuondoka, na kwamba yanayotokea baada ya hapo, kama singa zimeharibika au mashine imevunjika, si shauri lake. Nyapara naye alijifunza kwamba uongozi ni kusimama na kitabu na kutia alama.

Wakoloni waliiita tabia hiyo uvivu wa Mwafrika. Sisi twaona ilikuwa akili. Mtu asiye na fungu, sauti wala hesabu hana sababu ya kuongeza jasho lake juu ya kipimo. Balaa ni kwamba tabia iliyokuwa silaha halali ya mnyonge wakati wa mkonge ilirudi nyumbani pamoja na manamba, ikaingia katika viwanda na ofisi zetu, ikabaki hata baada ya mwenye kipande kuondoka. Msemo kwamba cha umma hakina mwenyewe una mizizi yake huko.

Miwati ya Njombe

Mwaka 1949 kazi ya mshahara ilikuja Njombe yenyewe. Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, CDC, lilianzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, inayojulikana zaidi kwa jina la TANWAT. Miwati ni mti ambao magome yake yana tanini, dawa itumiwayo kutengeneza ngozi. Mti hukua kwa miaka minane hadi kumi, kisha huangushwa na kubanduliwa magome. Magome hupelekwa kiwandani upesi, hukatwakatwa na kuchemshwa ili dawa itoke, na maji hayo hukaushwa mpaka yawe magumu au unga. Gogo lililobaki huwa kuni, nguzo au mkaa.

Kazi hii ilikuwa tofauti na ya mkonge, kwa kuwa mtu aliweza kufanya kazi ya mshahara na jioni akalala karibu na shamba lake. Tena ilikuwa kazi ya ujuzi: wabandua magome, mafundi wa mitambo, wapima miti, madereva. Hata hivyo maamuzi yalifanywa mbali, na hesabu zilisomwa mbali zaidi. Mfanyakazi alijua uzito wa magome aliyoyabandua, asijue bei ya dawa iliyotoka katika magome hayo.

Lakini watu walikuwa na macho. Waliona kwamba mti ni akiba, na miwati ikaenea nje ya mipaka ya shamba kubwa. Leo msafiri anayepita katika vijiji vya Njombe huona vishamba vya miwati, na siku hizi zaidi misonobari na mikaratusi, ambavyo ni mali ya kaya zenyewe. Hatutii chumvi tukisema kwamba katika nchi hii kupanda miti kumekuwa mila mpya: mzazi humpandia mtoto miti kama ambavyo zamani angemtengea ng'ombe. Ni vema tukumbuke kwamba ujuzi huo ulipatikana katika kazi ya mwajiri, lakini upendo wa mti ulianza pale mti ulipokuwa wa mtu mwenyewe. Yule yule aliyehesabu saa shambani kwa mwajiri aliamka usiku kuzima moto uliokaribia miti yake.

Azimio, Waraka na Mwongozo

Baada ya Uhuru swali likawa hili: je, inawezekana moyo ule wa mtu na miti yake ukaingia katika kiwanda cha wote? Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Lakini lilikuwa jambo moja kubadili jina la mwenye mali, na jambo jingine kubadili mahusiano ndani ya uzio wa kiwanda. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, alilitambua jambo hilo, na mwezi Februari 1970 ulitolewa Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Kabla ya hapo, tangu sheria ya mwaka 1964, zilikuwapo kamati za wafanyakazi za kushughulikia nidhamu na malalamiko. Baraza lilitakiwa kwenda mbali zaidi, likajadili mipango, uzalishaji na mapato.

Mwaka 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, ambao katika kifungu chake cha 15 ulimkataza kiongozi asiwe na majivuno, ubadhirifu wala uonevu. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho, wakakiamini. Katika miaka mitatu iliyofuata viwanda vingi, hasa vya Dar es Salaam, vilishuhudia migomo ambayo mara nyingi haikudai mshahara bali heshima: meneja anatukana, meneja anatumia gari la kazi kwa mambo yake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika mbali zaidi ya wote, wakakitwaa kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. Kwa hiyo haifai kusema kwamba mfanyakazi wa Tanzania hakuwa tayari kumiliki kazi yake. Alikuwa tayari kuliko walivyotazamia wengi wa wakubwa wake.

Mabaraza yalikuwa na udhaifu mmoja uliokuwa katika mfupa wake. Yalikuwa ya kushauri, ilhali uamuzi ulibaki kwa meneja na bodi. Pale meneja alipokuwa mtu wa kusikiliza, baraza lilikuwa shule ya kweli: fundi alisimama akasema mashine hii inakula mafuta kwa sababu hii, na kesho yake ikatengenezwa. Pale meneja alipokuwa mtu wa makuu, baraza lilikuwa mkutano wa kupiga makofi. Wafanyakazi hawakukawia kuutambua ukweli huo. Mtu akishauri mara tatu bila kusikilizwa, mara ya nne hunyamaza, na kimya chake huandikwa katika taarifa kuwa ni kuridhika.

Reli yafika Makambako

Wakati mabaraza hayo yakiundwa, kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ikipanda milimani kuelekea Makambako. Makubaliano ya kujenga reli ya kuunganisha Tanzania na Zambia yalitiwa sahihi Beijing Septemba 1967, na ujenzi ukazinduliwa rasmi Oktoba 1970. Reli yenyewe ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande kigumu kuliko vyote ni kile cha kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, kupanda hadi Makambako. Katika kilometa 158 tu yalijengwa madaraja 46, mahandaki 18 na makalavati 36. Daraja la mto Mpanga husimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50.

Mwaka 1972, kazi ilipofikia kilele chake, walikuwapo Watanzania na Wazambia wapatao 38,000 na Wachina wapatao 13,500. Vijana wa Njombe, ambao baba zao walikwenda kwa kipande kwenye mkonge, sasa waliona kazi ya taifa ikiwafuata mlangoni. Na katika kazi hiyo walikutana na namna ya uongozi ambayo baba zao hawakuijua. Mtaalamu wa Kichina aliishi kambini, akala chakula cha kambini, akashuka handakini na chombo mkononi. Alifundisha kwa kutenda, maana lugha zilikuwa zinapishana: alionyesha, mwanafunzi akaiga, akasahihishwa, akaiga tena. Zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha katika ujenzi, na Watanzania na Wazambia pia walikufa. Yule anayekufa pamoja nawe katika kazi si rahisi kumwita nyapara.

Yapo mengi ya kukosoa. Kazi ilikuwa ya saa nyingi, nidhamu ilikuwa kali, na kibarua hakuulizwa reli ipite wapi. Hata hivyo, reli ilivuka mpaka wa Zambia Agosti 1973, mataruma ya mwisho yakalazwa Juni 1975, na mwezi Julai 1976 ikakabidhiwa kwa nchi mbili, kabla ya muda uliokuwa umepangwa. Tunadhani haikuwa hofu iliyofanya kazi ile iende mbio vile. Ulikuwapo mfano wa kiongozi aliyetangulia, na ilikuwapo shabaha ambayo kila mtu aliielewa, yaani kuikomboa Zambia isitegemee njia za Rhodesia na Afrika Kusini ya makaburu.

Makambako nayo ikazaliwa upya. Kijiji cha njiani kikawa mji wa njia panda: reli, barabara kuu ya kwenda Zambia, na barabara ya kwenda Njombe na Songea ambayo iliwekwa lami katika miaka ya 1980. Mahindi, viazi na mbao za nyanda za juu zilipata mlango wa kutokea.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuwa wakweli. Reli iliyojengwa kwa moyo mkubwa namna ile haikuendelea kuendeshwa kwa moyo huo. Ilikusudiwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani zipatazo 88,000 tu. Sababu ni nyingi: ushindani wa malori, njia za kusini kufunguka baada ya ukombozi, uchakavu wa vichwa vya treni, na serikali mbili zilizosita kutia fedha. Hata hivyo sababu moja inahusu makala hii. Mfano wa kiongozi aliyetangulia handakini haukugeuzwa kuwa kanuni. Wale waliotangulia walipoondoka, hakikubaki chombo cha kumpa fundi wa njia sauti na hesabu. Kilichobaki kilikuwa ajira, tena miaka mingine ajira iliyocheleweshewa mshahara hata watu wakagoma. Mwema akiondoka bila kuacha kanuni, huondoka na wema wake.

Jirani zetu wa Ruvuma

Msafiri akitoka Makambako, akaipita Njombe na kuendelea kusini, hufika Songea. Huko ndiko lilikofanyika jaribio ambalo pengine ndilo zuri kuliko yote katika historia ya nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa. Jaribio la kwanza liliwashinda kwa sababu hawakuwa na akiba ya chakula. Wakarudi, wakaanza upya. Kijiji kikawa vijiji, na vijiji vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofikia vijiji 17 hivi.

Wanavijiji hao walilima pamoja na kugawana kwa kadiri ya kazi, lakini hawakuishia shambani. Walimiliki mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, wakawa na shughuli ya mbao, na watoto wao walisoma Litowa katika shule ambayo mwalimu wake mkuu, Suleman Toroka, aliiunganisha na maisha ya kijiji. Mkutano wa wanachama ndio uliokuwa na neno la mwisho, na kiongozi alilima zamu yake. Mwalimu Nyerere aliyaona hayo kwa macho yake, na maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini yana harufu ya Litowa.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama hicho. Kazi yake ikachukuliwa na chama cha siasa na serikali, na mali zake zikaondoka mikononi mwa wanavijiji. Wakubwa wa mkoa walikuwa wameona kwamba wananchi wanaojiamulia mambo yao ni wagumu kuamrishwa, na waliosikilizwa ni wao. Baada ya hapo vijiji vya ujamaa viliundwa kwa maelfu, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa amri. Tulipata vijiji vingi, lakini roho ya Litowa haikuhamishika kwa lori.

Funzo hili ni chungu, nasi hatuna budi kulisema. Tukizungumzia uongozi bora, aghalabu tunamfikiria kiongozi aliye ndani ya kazi. Ruvuma yatuonyesha kwamba ipo haja ya kiongozi mwema wa pili, yule aliye juu, ambaye wema wake mkubwa ni kujua wakati wa kutoingilia.

Chai, maziwa na hisa

Tangu miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa, na neno hisa likaingia katika lugha ya kila siku. Huko Lupembe, mashariki ya Njombe, wakulima wadogo wa chai waliokuwa na muungano wa vyama vyao vya ushirika waliingia katika ubia na mwekezaji juu ya kiwanda. Katika miaka ya 2000 ukazuka mgogoro mrefu juu ya nani hasa ni mwenye kiwanda, na kwa kipindi kiwanda kikasimama. Jani la chai halisubiri mahakama. Lisiposindikwa siku ile lilipochumwa, ni takataka. Hatumhukumu mtu katika jambo hilo. Tunasema tu kwamba umiliki ulioandikwa katika karatasi ambayo mwenye mali hakuieleza vizuri kwa mwenziwe, na ambayo mchuma chai hakupata kuisoma, ni kesi inayongoja siku yake.

Njombe mjini likafanyika jambo jingine. Kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia kilianzishwa kiwanda cha maziwa, na chama cha wafugaji, NJOLIFA, kikawekwa miongoni mwa wenye hisa. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili akapeleka maziwa, yakapimwa mbele yake, yakaandikwa. Pengine msomaji ataona kupimwa mbele ya mtu ni jambo dogo. Lakini kwa nchi iliyopita katika kipande, ni mapinduzi. Mzani ulio wazi hufundisha kumiliki kuliko hotuba kumi.

Dunia nayo ina mfano wake. Mwaka 1956, katika mji wa Mondragón, nchi ya Wabaski huko Uhispania, vijana watano waliofundishwa na padri José María Arizmendiarrieta walianzisha karakana ya kutengeneza majiko ya mafuta ya taa. Wafanyakazi ndio waliokuwa wenye mali, kila mmoja kura moja. Karakana hiyo imezaa shirikisho kubwa lenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Padri yule alitangulia kufungua shule ya ufundi miaka mingi kabla ya kufungua karakana, na hakujifanya meneja. Hata hivyo mwaka 2013 kampuni yao ya kutengeneza vyombo vya nyumbani, Fagor, ilifilisika. Kumiliki kwa pamoja hakumkingi mtu na soko. Tofauti ni kwamba mwenye mali huziona hesabu zikiharibika wakati bado ana nafasi ya kusema, na wengi wa wanachama walihamishiwa katika vyama vingine vya shirikisho badala ya kutupwa nje.

Tujifunze nini?

Tukiyaweka mambo haya pamoja, twaona kwamba kiongozi bora wa kazi ya kumilikiwa na wote hutambulikana kwa matendo ambayo yeyote anaweza kuyapima.

Kwanza, hushika mpini. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa, na kiongozi ambaye viganja vyake havijui kazi hawezi kujua uongo unapoletwa mezani. Hatusemi kila meneja aendeshe mashine kila siku. Tunasema asiwe mgeni katika karakana yake.

Pili, hufungua daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, nasi twaongeza kwamba mali yenye daftari lililofungiwa sandukuni huisha vile vile, ila habari wanazo wachache. Hesabu zisomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, mbele ya wanaume na wanawake. Hapo ndipo penye upungufu wetu wa zamani, kwa kuwa mara nyingi mikono inayochuma chai ni ya wanawake, na viti vya mkutano ni vya wanaume.

Tatu, hugeuza wema wake kuwa kanuni, kisha akaondoka kwa wakati wake. Uchaguzi wa viongozi, kipimo cha mgawo, njia ya kumwondoa mkosaji, yote yaandikwe wakati watu wanapendana, si wakati wanapogombana. Hili ndilo lililokosekana Makambako. Na wenye mamlaka walio juu walinde kanuni hizo badala ya kuziogopa. Hili ndilo lililokosekana Songea.

Jambo hili si la makumbusho. Septemba 2024, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia huko Beijing kutiwa sahihi kwa hati ya makubaliano ya kuihuisha reli ya TAZARA. Vichwa vya treni vipya vinahitajika, na fedha zinahitajika. Lakini atakayekaza parafujo za reli katika baridi ya Makambako ni mtu, naye ana baba au babu aliyepasua mlima ili reli ile ipite. Vilevile katika Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012, mbao na maparachichi yanavuta wawekezaji, na kila kiwanda kitakachojengwa kitaamua, kwa kujua au kwa kutojua, kama kitawapokea watu kwa namba au kwa majina yao.

Babu alikwenda na kipande. Baba alikwenda na reli. Wajukuu hawataki kurudia kipande, wala hawawezi kuishi kwa kumbukumbu ya reli. Wanadai fungu, sauti na daftari lililo wazi. Madai hayo si mageni, kwa maana ndiyo yale yale yaliyokuwa katika jembe la ujima, isipokuwa sasa yanahitaji kuandikwa. Kazi ya viongozi wetu, na kazi yetu sote, ni kuyaandika na kuyashika.